Koga ya Miti na Hamira ya Asili

Katika neema ambazo Mwenyeezi Mungu ametuneemesha sisi watu wa Pemba, miti ni miongoni mwa zile zilizo mbele kabisa. Mnazi hutupa tui, makuti na kamba. Mwembe huwashibisha watoto wetu wakati wa kaskazi. Mchungwa hutuletea fedha ndogo ndogo za sabuni na madaftari. Na mkarafuu ndio uliojenga nyumba nyingi, ukawaozesha mabinti, ukawasomesha vijana, na ukawapeleka wazee wetu Makka kuhiji. Tangu dhoruba kubwa ya mwezi wa Aprili mwaka 1872 ilipoiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha mingi ya kwetu imesimama, Pemba ndiyo itoayo sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar. Basi mti ukiugua huku kwetu hauugui peke yake. Nyumba nzima huugua pamoja nao.

Makusudio yetu katika maandishi haya ni kueleza habari ya koga, yaani kuvu ziletazo maradhi katika miti na matunda, na habari ya viumbe vidogo vya namna ya hamira ambavyo Mwenyeezi Mungu amevijaalia kukaa juu ya majani na maganda ya matunda, vikawa ni walinzi wake. Elimu hii imepatikana kwa wingi katika mti wa tufaha, ambao hapa Pemba hatuupandi. Lakini faida yake yatufikia na sisi, na hasa yawafikia vijana wetu ambao kesho ndio watakaoyarithi mashamba haya.

Yaliyotufanya tuitafute habari hii yalitokea katika shamba letu sisi wenyewe. Shamba hilo liko upande wa Wete. Aliliacha babu yetu, na warithi wake leo ni wengi, na miongoni mwao wamo mayatima wawili ambao mali yao iko katika amana yetu. Katika mwaka mmoja tuliona mambo mawili. Mkarafuu mmoja mkubwa, uliokuwa umezaa vizuri msimu uliotangulia, uligeuka manjano majani yake, kisha yakawa rangi ya kahawia, na kwa muda mfupi mti mzima ukafa hali majani yangali yakining'inia. Mti mwingine haukufa ghafla. Ulianza kukauka tawi moja moja, kutoka nchani kuja shinani.

Tulipokutana barazani baada ya sala ya alasiri, rai zikawa tatu. Mmoja wa ndugu zetu alisema miti yote ikatwe, iuzwe kuni, na mahali pake ipandwe mihogo. Mtoto wa ndugu yetu, kijana aliyesoma, akasema: “Ami, dawa ya koga iko dukani. Tununue ile iliyo kali kabisa, tuipige miti yote, iliyougua na isiyougua, tumalize maneno.” Wa tatu akasema amesikia kwa watu kwamba hamira ya mkate ikikorogwa kwa maji na sukari, kisha mti ukanyunyiziwa, koga hufa na mti hupona. Hapo shangazi yetu, ambaye kwa umri ndiye mkubwa wetu sote, akatugeukia akasema: “Mwanangu, hamira ndiyo iumuayo mkate wangu wa kumimina, na ndiyo ichachuayo tembo la mgema. Je, nayo yafaa kunyunyiziwa mali ya mayatima?”

Lilikuwa swali la haki. Mali ya yatima haiendeshwi kwa uvumi, na mti uliokwisha katwa haurudi. Tukaomba muhula wa kusoma na kuwauliza wenye elimu, na haya yafuatayo ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza yatupasa kumjua adui. Kuvu ni kiumbe kilicho hai, lakini si mmea kama wengi wadhaniavyo. Mmea hujitengenezea chakula chake kwa nuru ya jua. Kuvu haiwezi hayo, bali hula kilichokwisha tengenezwa na wengine. Ziko kuvu zilazo vitu vilivyokufa, na hizo zina kazi kubwa, kwani lau si hizo, majani yaangukayo katika msitu wa Ngezi yangelirundikana mpaka juu ya vichwa vyetu. Na ziko zinazovamia vitu vilivyo hai. Huzaa kwa mbegu ndogo sana mfano wa vumbi, ambazo huchukuliwa na upepo, na matone ya mvua, na wadudu, na hata mikono na visu vya watu. Mbegu hiyo ikianguka juu ya ganda lililo zima na kavu, mara nyingi haipati njia. Lakini ikikuta jeraha bichi lenye maji na sukari, huchipua, hutoa nyuzi, na nyuzi hizo huingia ndani. Nchi kama yetu, yenye mvua za masika na za vuli na joto la siku zote, ni nchi ambayo kuvu hustarehe ndani yake.

Ama maradhi ya mikarafuu, hayo si mageni kwetu. Ule ugonjwa ulioitwa kifo cha ghafla uliua mikarafuu mingi sana ya visiwa vyetu katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Katika miaka ya 1950 wataalamu wawili, Nutman na Roberts, walieleza kuwa kisababishacho ni kuvu waliyoipa jina la Valsa eugeniae. Mti upatwao na maradhi haya huwa umekwisha haribika mizizi kabla ya majani kuonyesha dalili. Kwa hivyo mwenye shamba anapouona mti wake unageuka manjano, huwa anauona mwisho wa jambo, wala si mwanzo wake. Wataalamu hao hao walieleza kuvu nyingine iletayo kukauka kwa matawi, nayo huuingia mti kwa njia ya majeraha. Na majeraha ya mkarafuu, ndugu zetu, mengi twayafanya sisi kwa mikono yetu wakati wa kuchuma. Tawi huvutwa kwa upembo au kwa kamba hata likachanika. Mpandaji hukanyaga penye panda hata ganda likabanduka. Kila mmoja hutazama pishi zake, hapana autazamaye mti.

Ikabainika basi kuwa ile miti yetu miwili haikufikwa na jambo moja. Mmoja ulikuwa na alama za kifo cha ghafla, na mwingine alama za maradhi ya jeraha. Na dawa kali ya kupiga juu ya majani isingeliufaa kitu ule wa kwanza, ambao maradhi yake yalikuwa mizizini. Hapo tukaona kuwa la kuulizia ni jeraha: je, kipo kitu kiwezacho kulilinda jeraha la mti au la tunda kabla koga haijafika? Swali hili ndilo lililotupeleka kwenye tufaha.

Huku kwetu tusemapo tufaa, aghalabu twakusudia lile tunda laini la mtufaa wa kienyeji, ambao ni ndugu wa karibu wa mkarafuu; wataalamu wa mimea wameiweka miti yote miwili katika ukoo mmoja uitwao Syzygium. Tufaha la nchi za baridi, ambalo wengine huliita epo, ni la ukoo mwingine ulio karibu na mwaridi. Asili yake ni milima ya Asia ya Kati, na mti wake huhitaji miezi ya baridi ndipo uchanue vizuri. Katika Tanzania hupandwa nyanda za juu, kama Lushoto na Njombe. Na yale tuyaonayo yakiuzwa Chake Chake na Wete aghalabu huletwa kutoka mbali, kama Afrika ya Kusini.

Matunda yaliyochunguzwa sana kama tufaha katika jambo la koga ni machache. Sababu yake ni kuwa tufaha huchumwa msimu mmoja kisha huwekwa ghalani miezi mingi, na humo ghalani koga ya buluu, iitwayo Penicillium expansum, na koga ya kijivu, iitwayo Botrytis cinerea, hulivamia kupitia michubuko na majeraha. Shambani nako majani na matunda hupatwa na kuvu iletayo madoa meusi yaliyokakamaa mfano wa upele. Wakulima wa nchi hizo tangu zamani walitumia salfa. Kisha mwaka 1885 mtaalamu mmoja wa mji wa Bordeaux, Ufaransa, jina lake Millardet, akaeleza faida ya mchanganyiko wa mrututu na chokaa. Wakulima wa zabibu wa huko walikuwa wakiipaka mizabibu ya kando ya njia mchanganyiko huo ili wapitao wasile zabibu zao. Naye Millardet akaona kuwa mizabibu iliyopakwa haikupatwa na koga kama mingine. Basi dawa iliyokusudiwa kuwazuia wezi ikawa ni ya kuzuia maradhi.

Baadaye zikaja dawa nyingi za viwandani. Zilifaa, na bado zafaa zikitumiwa mahali pake. Lakini koga nazo zikaanza kuzizoea baadhi ya dawa hizo, hata ile iliyokuwa ikiua jana ikawa leo haiui. Na walaji wakaingiwa na wasiwasi juu ya mabaki ya sumu katika tunda ambalo mtoto hulila pamoja na ganda lake. Ndipo katika miaka ya 1980 baadhi ya wataalamu wakaanza kulitazama jambo hili kwa upande mwingine. Waliuliza: tunda limezungukwa na mbegu za koga tangu lingali ua, ni kitu gani basi kinacholizuia lisioze siku zote hizo?

Jawabu moja lilitoka kwa wataalamu Edo Chalutz na Charles Wilson, ambao mwaka 1990 walieleza majaribio yao juu ya matunda ya jamii ya michungwa. Waliona kuwa matunda yaliyooshwa na kukaushwa yalioza upesi kuliko yasiyooshwa. Kisha wakayachunguza yale maji yaliyooshewa. Yalipopandwa katika chakula cha maabara yakiwa mazito, vilivyoota ni bakteria na hamira tu. Yalipozimuliwa kwa maji mengi, ndipo koga ziozeshazo zilipojitokeza. Maana yake ni kuwa koga zilikuwapo juu ya ganda tangu awali, lakini walinzi walikuwa wengi wakazizuia. Walipopunguzwa, koga zikapata nafasi. Huko Kearneysville, West Virginia, katika kituo cha Idara ya Kilimo ya Marekani, wataalamu kama Michael Wisniewski na Wojciech Janisiewicz walifanya kazi ya miaka mingi juu ya jambo hili hili, na tufaha likiwa miongoni mwa matunda yao makubwa.

Hamira hizi za asili hulinda kwa njia kadhaa. Ya kwanza na iliyo kubwa ni kutangulia. Tunda likijeruhiwa, hamira iliyopo juu ya ganda huingia katika jeraha, huzaana upesi sana, na huila ile sukari na kuijaza ile nafasi. Koga ikija baadaye hukuta hapana chakula wala pa kukaa. Ya pili, ziko hamira kama Metschnikowia pulcherrima ambazo huyakamata madini ya chuma yaliyo katika jeraha kwa rangi nyekundu wanayoitengeneza, na koga ikikosa chuma haiwezi kukua. Ya tatu, nyingine huzishika nyuzi za koga na kutoa vitu viyeyushavyo kuta zake. Na ya nne, kuwapo kwa hamira katika jeraha huliamsha tunda lenyewe likajikinga.

Kwa elimu hii zilitengenezwa dawa za hamira hai. Mwaka 1995 ilipasishwa Marekani dawa iliyoitwa Aspire, iliyotokana na hamira iitwayo Candida oleophila, kwa ajili ya machungwa na matufaha yaliyokwisha chumwa. Ubelgiji nako wataalamu waliipata hamira ya namna hiyo hiyo juu ya ganda la tufaha aina ya Golden Delicious, wakaifanyia kazi. Na Ulaya hutumiwa kiumbe kingine mfano wa hamira, Aureobasidium pullulans, ambacho asili yake ni kukaa juu ya majani na matunda. Hunyunyiziwa mitufaha kabla ya kuchuma ili matunda yasiozee ghalani.

Sasa twalirudia swali la shangazi yetu. Ni kweli kuwa hamira iumuayo mkate ndiyo hiyo hiyo, au ni jamaa yake wa karibu, ichachuayo tembo. Mgema aliteremshapo tembo asubuhi huwa tamu. Likikaa mpaka jioni huwa limekwisha chacha, kwa sababu hamira ziliomo hewani, katika kibuyu na katika karara zimeila sukari yake na kuigeuza kuwa kileo. Katika karne ya 19 Louis Pasteur wa Ufaransa alibainisha kuwa uchachu huo ni kazi ya viumbe hai. Na hamira nayo, ajabu ilioje, ni jamii ya kuvu. Basi adui na mlinzi wametoka katika kabila moja. Lakini kilichoharimishwa ni kinywaji kileweshacho, wala si hamira ambayo bibi zetu waliumulia mikate na kutufuturisha kwayo. Dawa za hamira ni chembe hai zilizokaushwa, hutiwa katika maji safi zikanyunyizwa. Hapana kileo kinachopikwa wala kinywewacho. Shangazi yetu aliposikia haya alitua moyo wake. Mwenye shaka zaidi na amuulize sheikh wake.

Hata hivyo, kujua kuwa kitu ni halali si sawa na kujua kuwa kinafaa, na hapa ndipo tulipoikataa ile habari ya hamira ya dukani. Hamira ya mkate, Saccharomyces cerevisiae, imechaguliwa kwa kazi ya mkate. Haikuzoea kukaa juu ya jani katika jua kali na mvua kubwa, kama zilivyozoea zile za asili. Na ile sukari ikorogwayo pamoja nayo, ikinyunyiziwa mti, huwa ni karamu ya koga nyeusi na ya sisimizi. Tena hata zile hamira zilizochaguliwa na wataalamu, kazi yao ni kukinga, si kuponya. Zikitangulia kwenye jeraha hulilinda. Zikiikuta koga imekwisha ingia ndani, haziwezi kuitoa. Iko koga ya embe, kwa mfano, iletayo madoa meusi. Hiyo huingia tunda lingali changa, ikajificha kimya mpaka tunda liive ndipo itokeze. Na ule mkarafuu uliokwisha haribika mizizi, hapana hamira ya duniani itakayourudisha.

Basi tukakutana tena barazani, na shauri likawa hivi. Mti uliokufa uliondolewa pamoja na mizizi yake kadiri ilivyowezekana, ukachomwa moto pale pale. Mti wa pili hatukuukata. Matawi yake yaliyokauka yalikatwa chini ya pale ugonjwa ulipofikia, mpaka mahali palipo na mti mzima, siku ya ukavu isiyo na mvua, kwa msumeno mkali uliosafishwa kwa moto baada ya kila tawi. Na matawi hayo nayo yakachomwa. Iliyobaki iliachwa isimame. Dawa kali ya kupiga miti yote haikununuliwa, kwa sababu dawa nyingi ziuazo koga huziua na hamira pia. Anayeipiga miti mizima bila haja huwafukuza walinzi na kuliacha lango wazi. Na fedha ambayo ingelinunua dawa hiyo tuliinunulia ngazi imara na miche mipya.

Ngazi, ndugu zetu, ilikuwa ni jambo kubwa. Tuliwakusanya wachumaji kabla ya msimu tukawaambia kuwa tawi lisivutwe kwa nguvu, na kuwa atakayeliteremsha kikonyo kwa kikonyo bila ya kulichana atalipwa ziada kidogo juu ya pishi. Baadhi yao walicheka mwanzoni. Mmoja, mzee aliyezoea kupanda mikarafuu tangu utotoni, akasema: “Bwana, hayo ndiyo tuliyofunzwa na baba zetu, ni haraka ya siku hizi iliyotusahaulisha.” Tangu hapo miaka mitatu imepita. Mkarafuu mmoja mwingine umetufia, nao tuliuondoa kama ule wa kwanza. Lakini ule uliokuwa ukikauka matawi umechipua upya upande wake wa mashariki, na msimu uliopita ulizaa. Miche iliyopandwa kwa jina la mayatima sasa imepita goti. Mkarafuu huchukua miaka 6 hadi 8 hata uanze kuzaa, na kwa hisabati hiyo utaanza kuwapa pishi zao watakapokuwa wamekaribia kubaleghe, inshaallah.

Yako na mambo ya nyumbani, ambayo mama na watoto wanaweza kuyafanya hata kama hawana shamba. Tunda lichumwe na kikonyo chake, lisitupwe chini wala lisimwagwe kwenye gunia, maana kila mchubuko ni mlango wa koga. Embe na machungwa yasioshwe kwa kuyasugua kabla ya kuwekwa. Yaoshwe vizuri wakati wa kuliwa. Lililooza litolewe mara moja katika kikapu, kwani huwaambukiza wenziwe. Na tufaha au tunda jingine lililoota koga upande mmoja tusilikate tukampa mtoto upande wa pili, wala tusilitie katika maji ya matunda. Ile koga ya buluu ya tufaha hutoa sumu iitwayo patulini, ambayo haionekani kwa macho na huweza kuenea zaidi ya pale palipooza.

Karafuu nazo zina hukumu hiyo hiyo. Zilizochumwa leo zichambuliwe leo, makonyo mbali na karafuu mbali, na zianikwe juu ya majamvi jua litokapo. Zikirundikwa mbichi hupata joto, huchacha, na zikikauka hutoka nyeupe-nyeupe zilizosinyaa zisizo na thamani. Hapo ndipo aonapo mtu kwamba viumbe vile vile vilivyo walinzi juu ya ganda huwa waharibifu ndani ya lundo. Tofauti ni kazi tuliyowapa na mahali tulipowaweka.

Ama dawa za viwandani, hatusemi kuwa ni haramu wala hatumkatazi mwenye haja nazo. Zina mfano wa dawa za hospitali: hutolewa kwa ugonjwa ujulikanao, kwa kipimo, na kwa mashauri ya bwana shamba. Apigaye avae glavu na kitambaa cha pua, asipige upepo ukielekea nyumbani, asipige maua nyuki wakiwa kazini, na azihesabu siku zilizoandikwa kwenye chupa kabla ya kuchuma. Na chupa tupu ya dawa, twawausia sana mama zetu, isitiwe maji wala mafuta ya kupikia, hata ikioshwa mara saba.

Vijana wetu, msidhani kuwa elimu hii ni ya watu wa mbali wenye matufaha. Hamira ziko juu ya maembe yenu, na juu ya machungwa ya nyuma ya nyumba, na juu ya majani ya mkarafuu alioupanda babu yenu. Atakayesoma elimu ya viumbe katika skuli zetu hapa Pemba, kisha akaendelea nayo, anaweza kuzichunguza hamira za miti yetu wenyewe kama wenzetu walivyozichunguza za miti yao. Kazi hiyo inamngoja mtu. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufunza kuwa apandaye mti akala katika mti huo mtu au ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Na kuulinda mti uliokwisha pandwa, hasa ukiwa ni wa yatima, twatumai hakukosi fungu katika thawabu hiyo.

Twamuomba Mwenyeezi Mungu aibariki miti yetu na matunda yetu, awakuze mayatima wetu katika kheri, na atupe elimu yenye manufaa na subira ya kuitumia. Amin.